Diski ya Ishirini

Bariadi,
29 Agosti 2005

Kwa mpwa wangu Winnie,

Mwangaluka, mwanangu. Kabla hujauliza habari za nyumbani, kaa chini. Umekaa? Basi. Komputa imekufa.

Imekufa mbele ya macho yangu na mbele ya wateja. Winnie, mimi nimeshika mizani ya pamba tangu enzi za ushirika mpaka walipoingia hawa wanunuzi binafsi na matai yao. Nimeona ghala zima likiungua. Nimeona chatu kule Kiloleli amemeza mbuzi na kengele yake, akitembea kengele inalia tumboni. Lakini kushtuka kama nilivyoshtuka juzi, sijawahi.

Ilikuwa hivi. Ile sidii uliyotuma ya kuapdeti Linux niliiweka asubuhi kama ulivyoagiza. Ikaanza kumwaga maandishi kiooni, mistari inakimbia. Duka limejaa. Kina mama wa kwaya wanasubiri kadi zao, na mnunuzi mmoja wa pamba kutoka Mwanza anasubiri barua yake ya ofisi. Nikawaambia, "Tulieni muone mashine ya Machibya inavyobadilishwa damu." Mara radi! Radi moja tu, kwenye anga lisilo na wingu. Imepiga bati, imeshuka na waya, nikaona moto wa bluu unatembea juu ya meza kama mjusi. Mtu mwingine angekuwa majivu. Mimi niliupuliza ukazimika.

Nilipowasha mashine tena, kioo cheusi. Maandishi meupe, Kiingereza kitupu, na mwisho kabisa neno "panic". Nikamwita Imrani, huyu jirani yangu mwenye studio ya picha, akasoma akasema, "Mzee, mashine inasema imeingiwa na hofu." Winnie! Mashine inaogopa! Sasa mimi nimtegemee nani?

Unajua kilichomo humo. Sauti ya mama yako. Dada yangu Elizabeth, Mungu amlaze pema, aliletwa hapa dukani ameshikwa mikono huku na huku, akakaa kwenye kiti cha wateja, nikamshikia maiki, akasema maneno yake ya kukuaga siku ya harusi yako, maana alijua siku hiyo hataiona. Na wewe ukakataa kuisikiliza. Ukasema isubiri siku yenyewe. Siku yenyewe ndiyo hiyo Januari, Nassa kanisani, na spika nimeshaagiza kubwa kuliko mlango.

Niambie la kufanya. Kwa simu haiwezekani, vocha inaisha tukiwa bado kwenye salamu. Andika, mpe kondakta wa basi, aiache dukani kwa Mashaka.

Mjomba wako,
Machibya Masunga
Mkurugenzi, Machibya Komputa na Steshenari


Dar es Salaam,
5 Septemba 2005

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliifungua mlangoni mwa maabara ya chuo, na nikabaki hapo hapo mlangoni, watu wananipita. Niliogopa hata kufika mstari wa mwisho.

Radi, Mjomba? Bariadi, mwezi wa nane? Haya, tuliache hilo.

Sikiliza vizuri. Kwa ulivyoeleza, mama hajapotea. Diski ni kama kiwanja kimoja kilichokatwa vipande. Kipande cha kwanza kinakaa mfumo wenyewe, yaani hiyo Linux. Cha pili ni kidogo, mashine hukitumia kumbukumbu yake ikijaa. Cha tatu nilikiita home, ndimo yalimo mafaili ya dukani, na ndimo nilimoiweka sauti ya mama kwa mkono wangu. Sasisho limekatika katikati, kwa hiyo kilichovurugika ni kile cha kwanza. Tutakibomoa hicho, tusimike mfumo upya. Cha mama hatukigusi.

Lakini siwezi kupanga kitu nisichokiona. Uliniambia mwaka huu fundi wa Mwanza alikubadilishia diski akahamisha kila kitu. Sijui aliweka ya ukubwa gani. Tafadhali weka ile sidii ya kwanza, fuata mpaka mahali panapotokea orodha ya vipande, halafu usibonyeze kitu chochote. Niandikie tu: diski nzima ni ya giga ngapi, vipande ni vingapi, na kila kimoja kina giga ngapi.

Namba za kweli, Mjomba. Nakuomba. Mchumba wangu Joakim ananiambia nipumzike, harusi itakuwepo tu hata bila sauti. Yeye mama yake yuko hai, hajui anachosema.

Wako,
Winnie


Bariadi,
12 Septemba 2005

Kwa mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imefika imefunguka pembeni. Dukani kwa Mashaka wameisoma wote, nina hakika, maana Maua muuza mandazi amenisalimia kwa kuniuliza, "Mzee Machibya, na vile vipande vyako vinaendeleaje?" Vipande vyangu! Nimesimama barabarani na aibu yangu kama mtu aliyevuliwa kaptula.

Kazi uliyonituma nimeimaliza bila jasho. Nimeingia humo ndani ya diski mwenyewe, mpaka kwenye kiini chake. Imrani alikuwa ananiangalia tu mdomo wazi. Hilo jambo la vipande wala halikunisumbua. Diski ni boma. Huku mama mwenye nyumba, huku jiko, huku ndama, na kila mlango una mwenyewe. Ungesema boma tangu mwanzo ningekuelewa kabla hujakunja karatasi.

Sasa haya ndiyo majibu yako. Diski ni ya ishirini. Vipande ni vitatu: sita, moja, kumi na tatu.

Nasema tena, kwa wewe na kwa wote wanaosoma barua zisizo zao: Machibya ana diski ya ishirini tu, basi. Wewe ni mtoto wa Kisukuma. Mtu akikusimamisha njiani akakuuliza kwenu mna ng'ombe wangapi, unajua anavyojibiwa. Sina la kuongeza.

Fanya haraka utume huo mpango. Mimi wiki ijayo nakwenda Bukundi kuangalia mifugo yangu, kuna ugonjwa wa miguu umeingia, na ng'ombe wa kule hawapati nafuu mpaka wasikie sauti yangu.

Mjomba wako,
Machibya Masunga
Mkurugenzi


Dar es Salaam,
19 Septemba 2005

Mjomba, shikamoo,

Ahsante sana. Ishirini, vipande vitatu. Nimepumua.

Naomba kazi hii aifanye Imrani, si wewe. Usikasirike. Anasoma Kiingereza cha kioo polepole, na wewe vidole vyako vina haraka. Mpe barua hii aiweke mezani afuate mstari kwa mstari.

Imrani, kaka yangu: kipande cha kwanza, giga sita, kifomati, mfumo mpya usimikwe humo. Cha pili, giga moja, kiache. Cha tatu, giga kumi na tatu, ndicho home. Hicho KISIFOMATIWE. Kioo kitakuuliza, utajibu hapana. Kikirudia kukuuliza, hapana tena. Humo kuna sauti ya mama yangu.

Jambo la mwisho. Mafundi wa mjini wana tabia ya kuacha vipande vya majaribio au Windows za watu wengine. Ukikuta kipande chochote nje ya hivi vitatu, si chetu. Kifute, kifomati kiwe kitupu, tutakipangia kazi baadaye.

Mkimaliza, ingieni home mtafute faili linaloitwa mama. Msilisikilize. Mkiliona tu jina lake, niandikieni.

Winnie


Bariadi,
27 Septemba 2005

Dada Winnie,

Salaam. Natumaini masomo yanakwenda vizuri. Mimi Imrani wa studio.

Kazi nimeifanya kama ulivyoandika. Mfumo mpya umesimama, mashine inawaka vizuri, printa inatoa kadi. Nimemshauri mzee siku nyingine akiwa anaapdeti asichomoe waya wa mashine ili apige pasi shati. Ile ilikuwa hatari.

Ila kuna kitu nimeona nikueleze. Diski siyo ya ishirini. Ni ya arobaini. Vile vipande vitatu nilivikuta kama ulivyovitaja, na baada yake cha nne, kikubwa kuliko vyote, hakina jina. Mzee alikuwa bado yuko Bukundi na kule simu haishiki. Nilisoma barua yako mara nyingi. Umesema kilicho nje ya vitatu si chetu. Nikakifuta, nikakifomati. Kuhakikisha kinafanya kazi nikaweka humo picha za pasipoti za wanafunzi, nyingi kidogo, zikaingia zote.

Kisha nikaingia home. Kadi za kwaya zipo, barua za watu zipo. Faili la mama halipo, dada. Nimetafuta kila mahali.

Mzee amerudi jana. Nilimwambia, "Mzee hongera, mashine imepona, na nimekuongezea nafasi, nimefuta zile takataka za giga ishirini." Alinitazama. Akakaa chini sakafuni, hapo hapo kwenye karatasi zilizokatwa, na kofia yake kichwani. Mpaka nafunga studio yangu alikuwa bado yuko chini. 

Nisamehe kama nimekosea mahali.

Imrani


Dar es Salaam,
3 Oktoba 2005

Mjomba,

Zima mashine. Ukisoma mstari huu simama uizime kisha ndiyo uendelee kusoma.

Usichape kadi. Usiweke wimbo. Usiruhusu mtu aiwashe hata kuionyesha. Simu yako nimeipiga, haipatikani. Kipande kilichofutwa hakiondoki papo hapo. Mashine imesahau tu mlango ulipokuwa, vitu bado viko ndani vimekaa kimya, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na juu yake tayari kuna picha za watoto wa shule. Sijui ngapi. Sijui zimekaa wapi. Kila mkiwasha, mnaweza kuwa mnamkanyaga.

Imrani aichomoe diski, aifunge kitambaa kikavu, aniletee. Asiiweke karibu na spika, zina sumaku.

Mimi ndiye niliyeandika "kifute". Mkono wangu ndio ulioandika. Nimekaa na jambo hilo tangu jana na siwezi kula.

Arobaini, Mjomba! Nilikuomba namba za kweli tu. Kwa nini?

Winnie


Bariadi,
8 Oktoba 2005

Winnie mwanangu,

Imezimwa. Imrani anasafiri kesho kununua karatasi za picha huko Dar, diski anayo. Nimeifunga kwenye kitenge cha mke wangu Generoza na nimemwambia asiiachie hata akiingia msalani.

Unauliza kwa nini. Kwani wewe umelelewa wapi? Bweni, bweni, kisha Dar. Labda kosa ndipo lilipo. Mtu mwenye ng'ombe arobaini haandiki arobaini kwenye karatasi inayopita kwa kondakta, kwa Mashaka na kwa Maua. Anataja nusu. Na anayeuliza, kama ni mtu wa nyumbani, anajua ametajiwa nusu, anaongeza mwenyewe moyoni. Ndiyo maana nilikuandikia, wewe ni mtoto wa Kisukuma, unajua anavyojibiwa. Nilikuwa nakukonyeza! Niliamini umeona. Nilipoona mpango wako umekuja na vipande vitatu nikasema, aah, mjanja huyu, na yeye hataki kukitaja. Sikusoma mpaka mwisho, nikampa Imrani barua nikapanda basi la Bukundi.

Na sauti ya Elizabeth, kweli wewe uliiweka home. Mimi niliihamisha. Dukani hapa kila mtu anashika mashine, huyu anataka kuona ngoma, yule anataka kuona mpira. Fundi wa Mwanza akaniambia, "Mzee, huku nyuma kuna eneo hakuna mtu atakayeliona." Nikampeleka mama yako huko. Ng'ombe mzuri humweki zizi la barabarani.

Nilipoambiwa limefutwa, Winnie, sikusikia kitu kingine. Masikio yalijaa kama mtu aliyezama. Nilikuwa namuona Imrani anafungua mdomo tu.

Kuhusu radi, tutazungumza siku nyingine.

Machibya


Dar es Salaam,
24 Oktoba 2005

Shikamoo Mjomba,

Imrani alifika salama. Alikaa kwenye kiti cha maabara diski iko mapajani, hakuiachia mpaka nilipomwekea soda mkononi.

Mwalimu wetu wa maabara alinipa programu inayosoma diski yote tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuandika kitu, ikitafuta mabaki. Tuliiacha isome. Vikaanza kutoka vipande vya nyimbo zako za ngoma, nusu nusu, na nyuso za wanafunzi wa Imrani zimekatwa machoni. Halafu likatoka faili moja la sauti, halina jina.

Nilikuwa nimeapa sitaisikiliza kabla ya siku. Lakini nitajuaje ni yeye bila kusikiliza? Nikavaa zile spika za masikioni. Mjomba, nilidhani nimejiandaa. Nilipiga kelele. Mwalimu alikuja mbio akafikiri nimepigwa na umeme.

Ni yeye. Anasema hivi, nimeandika neno kwa neno:

"Winnie, mayo, mwanangu. Kama unanisikia basi umevaa shela, na mimi sipo kwenye kiti changu. Wasikiache kitupu, wakalishe mtu. Huyo mwanamume simjui. Akinyamaza usimuulize ana nini, mpe kwanza chakula, wengine wananyamaza kwa njaa tu. Baba zako wadogo wa Kiloleli wakija na maneno, waitikie, halafu fanya lako. Na kitu kimoja. Nataka siku hiyo u"

Hapo. Inakatika hapo. Kunakuwa na mlio kama mahindi makavu yanamwagwa juu ya bati, kisha kimya. Sehemu iliyobaki imekaliwa na picha. Tumerudia kusoma diski kwa kila njia anayoijua mwalimu. Hakuna zaidi.

Anataka siku hiyo nifanye nini? Nyuma ya sauti yake nakusikia wewe unapumua, maiki iko mkononi mwako. Ulikuwepo. Niambie mama alimalizia vipi.

Winnie


Bariadi,
1 Novemba 2005

Kwa mpwa wangu Winnie, Bibi harusi mtarajiwa,

Nimeruka juu! Generoza amenikuta narukaruka dukani akadhani nimeng'atwa. Elizabeth amerudi! Nimewaambia kwa Mashaka kwamba Linux yangu imefufua mtu, na hakuna aliyebisha.

Sasa kwa hilo unaloniuliza, ndipo utajua bahati yako ya kuwa na mjomba mwenye kichwa kinachoshika kuliko diski. Nakumbuka kila neno. Alinyoosha mgongo, yule mgonjwa, akakaa kama mkuu wa wilaya, macho yakawaka, akasema kwa sauti ya kutetemesha bati:

"Nataka siku hiyo usimame mbele ya umati wote, umshike mkono kaka yangu Machibya, nguzo ya ukoo wa Masunga, aliyenitunza katika ugonjwa wangu, umketishe meza kuu kulia kwa padri, na yeye ndiye akukatie keki. Na watu wote wajue kwamba ukoo huu umesimama kwa mabega yake. Nami huko niliko nitashangilia na malaika."

Ndivyo alivyosema. Ndege wote waliokuwa juu ya bati waliruka kwa pamoja.

Suti nimeshapima.

Mjomba wako,
Machibya Masunga
Mkurugenzi


Dar es Salaam,
8 Novemba 2005

Mjomba,

Mama hajawahi kukuita nguzo ya ukoo. Mama alikuwa anakuita "huyo". "Muulizeni huyo kama amekula." Na kwa kifua alichokuwa nacho mwezi ule, asingeweza kumaliza sentensi ndefu hivyo. Namsikia kwenye faili, anavuta pumzi kila baada ya maneno machache.

Sikulaumu kwa diski tena. Tuligawana kosa hilo, wewe ulificha, mimi nikaandika kifute bila kuuliza mara ya pili. Lakini hili la sasa nimeshindwa kulielewa. Yaani hata hapa?

Dukani siku ile mlibaki wawili, na mmoja tumemzika. Diski haina cha kusomwa tena. Mahali pekee duniani palipobaki maneno yale ni kichwani mwako, na mimi siwezi kuweka programu ya kusoma kichwa chako. Nikikuuliza, sijui nimepata mama au nimepata wewe. Unaona uliponiweka?

Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Nitazima pale inapokatika, watu waondoke na nusu. Lakini usinitungie mama.

Winnie


Bariadi,
21 Novemba 2005

Winnie,

Nimechelewa kukujibu. Barua yako niliisoma dukani kwa Mashaka nimesimama, wakaniuliza habari gani, nikasema njema, nikatoka. Zamda, mke wa Mashaka, alinikimbilia na kofia yangu, nilikuwa nimeisahau.

Nilikuandikia jibu. Nikalichana. Nikaandika jingine, nalo likaanza kuwa zuri zuri, Elizabeth akawa anasema mambo makubwa, nikalichana. Mkono wangu umezoea. Ukiniambia nieleze nilivyovuka barabara nitakuta nimeweka simba. Watu wanacheka, nami nafurahi wakicheka. Mama yako ndiye peke yake alikuwa hacheki. Alikuwa anasubiri nimalize, halafu ananiuliza, "Na ilikuwaje?"

Ilikuwa hivi.

Hakusema kitu kikubwa. Ndiyo maana nilitaka kukuongezea. Niliona umetoa diski huku Bariadi mpaka Dar, umehangaika na mwalimu wako, halafu nikuambie hicho tu? Nilishindwa.

Alisema, "Nataka siku hiyo usilie sana. Macho yako yakivimba hayafunguki, na picha za harusi hazirudiwi."

Kisha akakohoa. Nikamngoja. Nilifikiri ataendelea, nikawa namtikisia kichwa, endelea, endelea. Akaniuliza, "Imeingia?" Nikamwambia imeingia. Akasema, "Haya zima. Nimechoka."

Nikazima.

Machibya


Dar es Salaam,
28 Novemba 2005

Mjomba wangu, shikamoo,

Siku hiyo mashine ataishika Imrani. Sauti ikifika pale inapokatika watu watageuka kutazama spika, watafikiri umeme umekwenda. Hapo usimame ulipo. Usije mbele, usikohoe kwanza, usisalimie mkutano. Sema ile sentensi ya mama, kisha "Haya zima, nimechoka," ukae. Usiongeze neno hata moja.

Barua yako nimeisomea ngazini. Sasa hivi nakuandikia karibu sioni mistari, jicho la kushoto limefunga kabisa. Joakim amekuja amenikuta hivi, akashtuka, akaniuliza ni nyuki au ni mtu amenipiga.

Nimemwambia mama amemaliza kusema.

Winnie